Sindano ya homoni ya kiume imenipandishia presha. Niache, au nimeze dawa ya presha niendelee?

Mangi wa Rau (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji tu humu, kuandika si kawaida yangu, lakini hili limenikaba. Nina miaka 49, naishi Moshi, nina duka la vifaa vya ujenzi. Nitaeleza kirefu, mwenye haraka apite.

Disemba iliyopita ndugu walipopanda kutoka Dar kwa Krismasi, binamu yangu alikuja amebadilika. Kitambi hakuna, kifua kimetuna, anapandisha kile kilima cha kwetu Kibosho bila kuhema, na tumepishana miezi minne tu kuzaliwa. Usiku tukiwa kwenye ndafu akaninong'oneza: homoni, mangi, sindano kila wiki mbili. Mimi wakati huo ikifika saa nane mchana nasinzia juu ya kaunta, na mambo ya chumbani yalikuwa ya kubahatisha.

Januari nikaenda sehemu moja Arusha, jina naliacha. Walinitoa damu saa kumi jioni, nimeshiba machalari. Haikupita hata saa moja na nusu nikaambiwa testosteroni yako iko chini, na siku hiyo hiyo nikachomwa. Testosteroni ya aina ya enantheti, miligramu 250, kila wiki mbili. Hakuna aliyenifunga mashine ya presha. Hakuna aliyeniuliza kama nakoroma au kama nina sukari.

Nisiwe mnafiki, miezi miwili ya kwanza nilifurahi. Usingizi wa dukani ulikwisha, na nyumbani heshima ilirudi. Mwezi wa tatu soksi zikaanza kuacha alama miguuni, pete ya ndoa ikabana, uso unawaka kama nimekaa jikoni kwenye moshi. Mke akasema kukoroma kwangu sasa kunamwamsha mpaka mtoto wa chumba cha pili. Jumapili moja baada ya ibada kulikuwa na upimaji wa afya pale kanisani, nikakaa kwa utani tu: 158/96. Wakanipumzisha, wakarudia: 156/96. Mwaka jana nilipochangia damu ilikuwa 126/80, kadi ninayo.

Nikawapigia wale wa Arusha. Wakasema ni mawazo ya biashara, njoo uchome nyingine. Ndiyo maana nimekuja hapa. Niache? Au nimeze dawa ya presha huku naendelea na sindano?

Chalii wa Sakina

Mangi, duka unalo, mke unaye, ndafu unakula, bado unatafuta ujana? Utatuachia duka hilo, aisee.

Kwa Mrombo Finest

Nakaa hapa pembeni. Wajuzi waje. Mwaka huu kila jimu ya Arusha kuna mtu anauza hii kitu kwenye begi.

Bwana Dawa

Mimi ni mfamasia, Arusha. Mangi, kwanza swali moja: hiyo Jumapili ulikuwa siku ya ngapi tangu uchomwe?

Mangi wa Rau

Ya tatu. Nilichomwa Alhamisi.

Bwana Dawa

Nilihisi. Enantheti inapochomwa msulini, homoni inapanda haraka, siku mbili tatu za mwanzo inaweza kupita hata kiwango cha kijana, halafu inateremka taratibu mpaka siku ya kumi na nne unajisikia umeishiwa tena. Ulipimwa ukiwa kileleni. Hiyo haimaanishi presha yako ni ya uongo, inamaanisha tu picha haijakamilika.

Sasa inapandaje. Njia ni zaidi ya moja. Homoni hii inafanya figo zishike chumvi, na chumvi haikai peke yake, inavuta maji. Ndiyo alama ya soksi hiyo, ndiyo pete. Njia ya pili ndiyo inayonipa hofu zaidi: inasukuma uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi kuliko kawaida. Damu iliyokuwa inapita kama chai inaanza kuelekea kwenye mtori. Moyo unaisukuma kwa nguvu zaidi, na damu nzito huganda kirahisi zaidi. Kwa hiyo kipimo chako cha kesho si cha homoni, ni FBP ya kawaida kabisa, kile kipimo cha picha nzima ya damu. Angalia mstari ulioandikwa HCT, hapo ndipo wanaonyesha chembe nyekundu ni asilimia ngapi ya damu yako. Ikifika juu ya 54, sindano inasimamishwa mpaka ishuke. Mwongozo wa madaktari wa homoni wa Marekani wa 2018 unasema hata kuanza usianze kama tayari iko juu ya 48, au 50 kwa wanaoishi nyanda za juu. Arusha tuko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sisi damu zetu zina kianzio kilichopanda kidogo kuliko cha mtu wa Tanga. Wale waliokuchoma walitakiwa kukijua kianzio chako. Hawakukijua.

Na tusitishane pia. Kwa wanaume wengi presha haipandi kama yako. Dawa ya kumeza iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 ilionyesha namba ya juu kupanda karibu 5 kwa wastani, wakifungwa mashine saa 24. Sindano ya chini ya ngozi ya 2018 ilikuwa karibu 4. Zote mbili ziliwekewa onyo kali la presha kwenye karatasi yake. Februari 2025 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaagiza onyo la presha liwekwe kwenye testosteroni za aina zote, za kupaka na za kuchoma. Ukisikia wastani wa 4 au 5 unaona kitu kidogo, lakini wastani unaficha watu. Yupo asiyepanda hata moja, na yupo wewe.

Msumari Mmoja

Bwana Dawa, umesema vizuri lakini umeacha upande mmoja. Mimi niko Njiro, nina miaka 38, nachoma mwaka wa sita sasa na presha yangu ni 122/76. Nilipata matubwitubwi nikiwa na miaka 19, yakashuka korodani zote mbili. Zilisinyaa. Mwili wangu hautengenezi hii homoni, kwa hiyo kwangu sindano si anasa ya jimu, ni dawa kama insulini ya mgonjwa wa sukari. Kabla ya hapo nilikuwa sina nguvu ya kubeba ndoo, ndevu hazioti, mifupa ilianza kupungua uzito. Kila uzi wa namna hii ukipita humu, mke wangu anaanza kuniangalia kama naficha bangi.

Kuna utafiti unaitwa TRAVERSE, majibu yalitoka 2023. Wanaume zaidi ya 5,200, umri 45 hadi 80, wenye homoni ya chini, na wengi tayari wana ugonjwa wa moyo au wako karibu kuupata. Nusu walipaka jeli ya testosteroni, nusu jeli tupu. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo: asilimia 7.0 kwa waliopaka dawa, 7.3 kwa waliopaka jeli tupu. Haijawaua.

Bwana Dawa

Msumari, wewe ndiye hasa mtu ambaye dawa hii ilitengenezwa kwa ajili yake, na sina ugomvi na wewe. Utafiti huo naujua. Malizia basi kuusoma: kundi la dawa walipata zaidi mapigo ya moyo kwenda ovyo, zaidi damu iliyoganda kwenye mapafu, na zaidi kuumia ghafla kwa figo. Halafu ilikuwa jeli, ya kupaka kila siku, kiwango kinarekebishwa na damu inapimwa mara kwa mara. Huwezi kuchukua usalama wa jeli iliyosimamiwa hivyo ukamvisha mangi aliyechomwa 250 saa kumi na moja jioni na mtu ambaye hata presha hakumpima.

Msumari Mmoja

Hapo sina la kubisha. Niongeze la kwangu labda litamsaidia. Mwaka wa pili HCT yangu ilifika 53 na kichwa kikawa kinagonga kila asubuhi. Daktari hakunipa dawa ya presha. Alikigawa kipimo: badala ya kikubwa kila wiki mbili, nusu yake kila wiki. Jumla ile ile, lakini kile kilele kikaondoka. Miezi minne baadaye 48, na haijapanda tena. Napima kila miezi sita, makaratasi yote nayaweka kwenye faili moja, na faili siliazimi.

Mgumu 5895

Mimi ni mwongozaji wa mlimani Kilimanjaro, nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, mwaka 2009, nimebeba mizigo ya watu mpaka mabega yana sugu. Hii mada inanihusu kwa upande ambao hamjaugusa.

Vijana wetu wameanza kuchoma hizi sindano ili wabebe. Kijana anapanda Machame leo, anashuka baada ya siku sita, analala siku mbili anapanda tena, kwa hiyo mwili wake tayari umejaa chembe nyekundu kwa sababu ya kukaa juu. Hiyo ni kazi ya mlima, kila mtu wa mlimani anaijua. Sasa anaongeza na sindano inayofanya kazi ile ile. Halafu siku za kwanza ukipanda unakojoa sana na kunywa huna hamu, maji ya damu yanapungua, iliyobaki inazidi kuwa nzito. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673, nimeshamwona kijana wa miaka 27 amekaa juu ya ndoo anasema macho yanaona giza na kichwa kinapasuka. Tukamshusha usiku ule ule. Wote tulisema ni mlima tu. Tulipofika getini ndipo rafiki yake akatuambia anachoma. Sijui kipi kilimfanyia vile, mlima au sindano, mimi si daktari. Ila kwenye mahojiano ya kuwachukua vijana siku hizi nauliza, na wengi wananidanganya.

La wageni nalo. Wazee wa kizungu wengi wanakuja na jeli. Mmoja alikuwa anapaka mabegani halafu anamwazima mkewe sweta lile lile. Nikamwambia kwa adabu aachane na mchezo huo, ile dawa inahamia kwa ngozi. Alishangaa mimi najua.

Chalii wa Sakina

Mgumu, heshima yako. Mimi nilikuja kucheka tu, sasa nimeanza kusoma.

Baba Mtarajiwa

Wakuu samahani kuingilia. Nina 31, nimeoa mwaka jana, hatujapata mtoto. Jimu ninapofanyia mazoezi hapa Kijenge wameniambia nichome hii, eti inaongeza mbegu. Kweli?

Bwana Dawa

HAPANA. Soma tena: hapana.

Korodani zinafanya kazi kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ukiingiza testosteroni ya nje, tezi inaona iko ya kutosha, inaacha kutuma amri. Korodani zinalala, mbegu zinapungua, kwa wengi zinaisha kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuifanyia majaribio sindano hii hii kama uzazi wa mpango wa wanaume. Mwenzako amekuuzia kinga ya mimba akaiita dawa ya mtoto. Mbegu nyingi hurudi ukiacha, lakini ni miezi, na wapo wanaosubiri zaidi ya mwaka. Nenda ukapime shahawa, na mkeo akapimwe pia, msiende mmoja mmoja.

Msumari Mmoja

Nakazia. Mimi homoni na watoto nilikuwa nimeshapoteza vyote, sikuwa na cha kuchagua. Wewe unacho.

Mama Nesi

Habari zenu kaka zangu. Nimefanya kazi ya unesi miaka 30, nimestaafu, nakaa Pasua. Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyemuuliza mangi alipimwaje. Wanaume mnapenda namba lakini hamjui namba inatoka wapi.

Mangi, hiyo ya kanisani sijaikataa, ila twende hivi. Nunua au azima mashine ya kufunga juu ya kiwiko, ile ya kifundo cha mkono iache. Angalia mkanda: kama mkono wako ni mnene na mkanda ni mdogo, utasomeka juu hata kama huna presha, na nyie mnaobeba vyuma hili ndilo kosa lenu kubwa. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Najua uko Moshi, kahawa itasubiri. Pima mara mbili, asubuhi na jioni, siku saba. Ya siku ya kwanza usiihesabu. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi nyumbani, una presha, hatubishani.

Na kukoroma. Muulize mama watoto kama kuna wakati unanyamaza ghafla halafu unashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Kama ndiyo, pumzi inakatika usingizini. Hiyo peke yake inapandisha presha, inachosha mtu mchana, na inashusha homoni. Huenda usingizi wako wa kwenye kaunta ulitoka hapo tangu mwanzo, na sindano imekuja kuuzidisha ugonjwa wenyewe. Kitambi chako kikoje, mwanangu?

Mangi wa Rau

Mama, kitambi kipo. Kilo 104. Mke amesoma maneno yako akacheka, akasema nanyamaza kila usiku, na huwa ananisukuma kwa kiwiko.

Mama Nesi

Haya. Basi tumeanza kuelewana. Mbege na chumvi ya nyama choma tutaviongelea siku nyingine, leo usije ukanikimbia.

Kwa Mrombo Finest

Swali kwa Bwana Dawa: akichangia damu si inapungua tu uzito anaendelea? Jimu ndivyo wanavyofanya, kila miezi mitatu wanakwenda Damu Salama.

Bwana Dawa

Inapunguza HCT, ndiyo, hiyo ni kweli. Lakini anayechoma kiwango kilekile na kuchangia ili aendelee kuchoma anafukuza moshi moto unawaka. Kila chupa inatoka na madini ya chuma, baada ya chupa kadhaa unakuwa na damu nzito na mwili uliochoka kwa kukosa chuma. Punguza dawa kwanza. Na ukienda kuchangia, sema unatumia nini, usiwaache wakisie.

Jambo jingine nililotaka kusema mapema: Sustanon, sindano nyingine ya testosteroni, ina mafuta ya karanga. Mwenye mzio wa karanga asiiguse. Nimeshamuuliza mteja swali hilo akafikiri namtania.

Vumbi Tupu

Nyie endeleeni na mahospitali yenu. Vumbi la Kongo kijiko kimoja, presha hakuna.

Bwana Dawa

Umewahi kupima?

Vumbi Tupu

Nipime nini sasa na mimi siumwi?

Mangi wa Rau

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya tatu tangu nifungue uzi huu.

Nilifuata maneno ya Mama Nesi. Wastani wa siku sita 147/91. Nikaenda hospitali hapa Moshi na karatasi yangu, HCT 52.8. Daktari, mama mmoja mpole sana, alisoma karatasi yote, akaniuliza kile kipimo cha homoni cha kwanza kilichukuliwa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi jioni, nimekula. Aliweka kalamu chini. Akasema homoni hii iko juu asubuhi na inashuka kadiri siku inavyokwenda, chakula nacho kinaishusha, na mtu haanzishiwi kwa kipimo kimoja: ni mara mbili, siku tofauti, asubuhi kabla ya kula. Kwa hiyo mpaka leo hatujui kama nilikuwa na upungufu au nilikuwa mnene, nakoroma, na nimechoka.

Sindano amesimamisha. Hakunificha: akasema wiki chache zijazo nitajisikia vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu korodani zimelala na zinahitaji muda kuamka, nisije nikakimbilia Arusha kuchomwa. Kweli, wiki hii nimekuwa mzigo. Jana nimegombana na fundi kwa sababu ya misumari ya inchi tatu. Presha amenipa amlodipini miligramu 5, na rufaa ya kupimwa usingizi.

Jambo linaloniuma ni la binamu. Nilimpigia, nikamwambia apime presha na FBP. Akaniambia nimekuwa mwoga. Jana usiku kanitumia picha ya mashine ya presha, hakuandika neno. 171/104.

Mama Nesi

Mpigie tena leo, usimwandikie. Muulize kama kifua kinabana, kama anaona vizuri, kama mkono au mguu una ganzi. Likiwepo hata moja aende hospitali usiku huu huu. Hata kama hana kitu, kesho asubuhi awe kwa daktari. Na wewe, amlodipini nayo inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, kwa hiyo soksi zikiendelea kuacha alama usiseme bado ni ile sindano, mwambie daktari wako.

Mangi wa Rau

Nimempigia mama. Hana ganzi wala kifua. Shemeji ndiye aliyechukua simu, anampeleka asubuhi.

Msumari Mmoja

Mangi, kipimo chako cha homoni watakirudia lini?

Mangi wa Rau

Daktari amesema baada ya miezi mitatu, dawa ikishatoka yote mwilini. Tarehe nimeandika ukutani dukani, saa mbili asubuhi.

Chalii wa Sakina

Na usile machalari kabla, mangi.